Mashini Iliyotembea Kimanga

"Nilikuletea mashini inayotingisika, weye umenirudishia mashini inayotembea!"

Bernardine alisema hivyo barabarani, mikono kiunoni, mbele ya kibanda cha fundi Thaddée, na wenye moto wote wa kona ile, hao wa pikipiki za kubeba watu, wakazima injini wasikie vizuri.

"Jana iko inakamua mashuka," akaendelea, "nimeenda kugeuza bugali, nimerudi naikuta kwa mlango! Ilitaka kwenda wapi? Misa?"

Thaddée alitoa mdomoni turnavisi, bisibisi yake. Ni mtu mpole, mrefu, shati lake halijawahi kuwa na vifungo vyote. "Mama Amandine, minye nimebadilisha amortiseri zote mbili za kuzuia mtingisiko. Nimekaza kila kitu. Hapa kwangu ilizunguka vizuri, na weye ulikuwapo, ulishangilia."

"Nilishangilia kwa sababu sikujua uko mwizi."

"Eh, mama!"

"Mwizi! Umeweka amortiseri ya moto ndani ya mashini ya kufua. Ndiyo maana inataka barabara!"

Wenye moto walicheka mpaka mmoja akashika usukani asianguke. Thaddée hakucheka. Alifuta mikono, akamwangalia kama muganga anavyomwangalia mtu anayelalamikia jino na kumbe homa iko kifuani.

"Nitakuja kesho," alisema. "Lakini safari hii sitagusa mashini. Nitaangalia mahali inaposimama."

"Mahali inaposimama hapana mgonjwa," Bernardine alijibu. "Mgonjwa ni mashini."

Alijibu upesi mno. Mimi nilikuwa pale, nimesimama na beseni langu la ndagala, samaki wadogo ninaouza, na nilijua kwa nini. Parseli yangu, kiwanja changu, iko upande wa juu wa njia, yake iko upande wa ziwa, mlango wangu unatazama mlango wake. Mwanamke huyu nimemjua tangu siku alipoletwa kuolewa, kwa hiyo acheni niseme ni nani, kwa maana hapa mtaani Kimanga wanamjua kwa ulimi tu, na ulimi siyo mtu mzima.

Alizaliwa Luvungi, kwa wakulima wa tambarare. Mume wake, marehemu Ndihokubwayo, alikuwa anavusha vitenge na sabuni kutoka Bujumbura, mtu wa maneno machache, na ilikuwa heri, maana maneno ya nyumba ile yalikuwa yameshachukuliwa yote. Walijenga polepole, tofali juu ya tofali, wakati ule ziwa lilikuwa mbali, watoto wanacheza mpira kati ya ukuta na maji. Ndihokubwayo alipokufa, aliacha nyumba ile na binti mmoja, Amandine. Basi.

Aliacha pia kaka, Ngendakumana, mkubwa wa shirika la kanisa kule Luvungi, mtu wa tai na rozari. Siku ya mazishi, kabla udongo haujakauka, Ngendakumana alisimama mbele ya wazee akasema: nyumba ya ndugu yangu haiwezi kulala bila mtu. Wengine walisikia maneno ya huruma. Bernardine alisikia kufuli. Mu familia ile ndivyo ilivyo: mjane ana nyumba muda wote anaolala ndani yake. Akilala nje, hata mara moja, wanasema ameiacha, na kaka wa marehemu anaingia na godoro lake, na hakuna mzee atakayemtoa.

Kwa hiyo Bernardine hakulala nje. Mama yake mzazi alipozikwa Luvungi, alipanda moto asubuhi, akatupa udongo wake, akarudi kabla ya giza, na watu wanamsema mpaka leo. Ziwa lilipopanda miaka ile, sisi wengi tulibeba masufuria tukakimbia kwa ndugu. Yeye na Amandine walilala juu ya meza, maji yanapita chini na viatu vya watu.

Maji yaliporudi, alifanya kama tunavyofanya sisi wote wa pembeni ya ziwa. Maji yakipanda, na sisi tunapandisha sakafu. Alijaza vyumba mchanga wa ziwa, akamwaga simenti juu, nyembamba kama chapati kwa sababu simenti ni pesa na mchanga ni wa bure. Ndiyo maana milango ya kwetu ni mifupi. Mgeni mrefu akiingia anainama, anafikiri ni adabu.

Juu ya sakafu ile ndipo alipoweka mashini. Ilitoka Bujumbura, imetumika, ina dirisha la duara mbele, na ilimtoa mtoni. Kabla ya hapo alikuwa anafua mashuka ya nyumba za wageni kwa mikono, vidole vimepasuka kama mihogo. Mashini ilimrudishia vidole. Umeme ukija, utasikia mlango wake unagongwa na watu wenye mifuko.

Shida ilikuwa maji machafu. Njiani yalikatazwa, yanaleta matope. Kuyabeba kwa ndoo ni kazi, na yeye alinunua mashini ili asibebe. Basi alitoboa pembeni ya sakafu, nyuma ya mashini, akaingiza bomba ndani ya mchanga. Maji yalizama yote, hata povu halikubaki. Aliniita nione.

"Unaona, Mama Louise? Ardhi yangu haishibi."

Nilicheka naye. Nilisema hata mimi nitoboe.

Thaddée alikuja siku iliyofuata kama alivyosema. Aliinama kwenye mlango, akaenda moja kwa moja kwenye mashini, akaomba sahani bapa yenye maji. Bernardine alimpa, na maneno juu: "Kama una njaa sema, usiombe sahani tupu." Yeye akaiweka juu ya mashini na kungoja maji yatulie. Maji yalisimama upande mmoja, upande wa ziwa, karibu yamwagike. Akafungua miguu ya mashini kwa spana, akaipandisha huku, akaishusha kule, mpaka maji yakasimama sawa. Akaingiza mashuka, mazito na mepesi yamechanganywa ili mzigo usikae upande mmoja. Akawasha.

Mashini ilifua. Ikafika kwenye kukamua. Ikazunguka upesi, upesi zaidi, ikaimba kwa sauti moja tu, haikuruka.

"Unaona?" Bernardine alisema. "Ilikuwa mashini."

Thaddée alikuwa anaangalia sahani. Maji yalikuwa yameanza kwenda upande wa ziwa tena, polepole, kama mtu anayetoka kwenye mkutano asionekane.

Fundi aliondoa sahani. Alizima, akapiga magoti, akagonga sakafu kwa mpini wa spana. Karibu na mlango, sauti ya jiwe. Katikati ya chumba, sauti ya jiwe. Nyuma ya mashini, tum. Akagonga sakafu penye ukuta wa chumba cha Amandine: tum, tum. Mnajua ngoma inavyojibu. Amandine alitoka chumbani na daftari lake la shule mkononi, akauliza nani anagonga chini ya kitanda chake.

"Hakuna mtu chini ya kitanda," mama yake alisema.

"Ndiyo shida, mama," alisema Thaddée. "Hakuna mtu na hakuna mchanga. Mashini iko nzima. Nyumba ndiyo iko inatembea."

Bernardine alimfukuza. Alimfukuza na sahani, na spana, na ukoo wake wote wa kwa mama. Mimi niliingilia, nikasema tusigombane, kuna njia ya kujua. Uwanja wangu una simenti nzito, marehemu mume wangu alitaka kuweka gari ambalo hakulipata. Tulete mashini pale, tuivutie umeme, tuone.

Wenye moto wanne waliibeba. Njia nzima ilikuja, hata waliokuwa na bugali motoni. Thaddée aliweka juu yake glasi ya maji, siyo sahani, glasi imejaa mpaka mdomoni, na Bernardine akamwambia ikimwagika ataramba. Mashini ilizunguka. Ilifika pale inapolia kama ndege. Glasi ilisimama. Hakukuwa na tone.

Kila siku nasikia makelele ya Kimanga, moto, redio, watoto, wauzaji. Siku ile nilisikia ziwa. Hakuna aliyeangalia mashini tena. Waliangalia nyumba yake, ng'ambo ya njia, na ufa ulioanzia kona ya dirisha kwenda juu kwa mabati. Ufa ule ulikuwapo siku zote. Tuliuona kama tunavyoona mikunjo ya uso wa jirani.

Bernardine alichukua glasi, akanywa maji yote, akairudisha.

"Mashini ina haya mbele za watu," alisema. "Ibebeni, irudi nyumbani."

Nilimshika mkono. "Mama Amandine, acha ilale hapa kwangu. Na nyinyi mlale hapa. Mpaka tuite mwashi."

"Mashini ikilala kwako, watu watasema nimeanza kuhama. Habari itafika Luvungi kabla ya mashuka kukauka. Unataka Ngendakumana avue viatu mu chumba cha Ndihokubwayo?"

"Nataka Amandine aamke asubuhi."

Aliniangalia vibaya sana. Lakini alisikia, kwa maana tangu siku ile binti alilala chumba cha mbele, upande wa njia, na mama yake alihamia chumba cha binti, upande wa ngoma. Ndivyo alivyo. Alikubali kwamba kuna hatari, halafu akajilaza juu yake.

Mvua zilianza. Mlango wa chumba cha nyuma ulikataa kufunga, akaukata chini kwa msumeno. Baadaye ukakataa juu. Aliendelea kufua, kwa sababu nyumba za wageni hazingoji, na kila alipokamua, mashini iliruka na kupiga sakafu kwa miguu yake, na bomba likamwaga maji pale pale. Nilimwambia alitoe bomba lile nje. Alisema ametoa. Nilimchungulia, alikuwa hajatoa. Njia nzima tuliisikia ikipiga. Watu wakitaka kulala mchana walisema: Mama Amandine anatwanga.

Siku mguu wa mashini ulipozama ilikuwa baada ya misa, jua limetoka, siku nzuri kabisa. Nilisikia mashini inapiga, halafu mlio mmoja kama sufuria linapasuka, halafu kimya. Nilikimbia. Mashini ilikuwa imepiga goti, mguu mmoja wa nyuma umeingia ndani ya sakafu, dirisha lake la duara linatazama dari, mashuka bado yanazunguka polepole ndani. Bernardine alikuwa ameshika ufagio. Aliingiza mpini kwenye tundu kando ya mguu. Mpini uliingia wote, na mkono wake ukafuata mpaka kwenye kiwiko, na haukugusa kitu.

Tukasikia maji chini. Yalikuwa yanagonga taratibu, yanakuja na kurudi, kama yalivyo nje.

"Amandine," alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "chukua vitabu vyako. Usikimbie. Tembea."

Thaddée aliitwa, akaja mbio bila spana. Hakuna aliyekubali kuingia tena, kwa hiyo alitupa kamba kutoka mlangoni, akanasa mashini kama mtu anayenasa mbuzi, wakaivuta. Ililala uwanjani kwangu, na jioni ile Bernardine na binti yake walilala kwangu pia. Sikumkumbusha nilivyomwambia. Hata mimi ninajua kunyamaza ikibidi.

Ngendakumana alifika mapema kuliko tulivyofikiri. Sijui nani alipeleka habari, na nikimjua nitamuuzia ndagala zenye mchanga. Alishuka kwenye moto na tai yake, godoro limefungwa nyuma, akatusalimia vizuri, akaingia kwenye nyumba na kuliweka godoro katikati ya chumba kikubwa. Kamba zilizolifunga alizikunja vizuri, kama mtu anayekaa.

Bernardine alivuka njia. Mimi nyuma yake.

"Shemeji," alisema kutoka mlangoni, "karibu. Sasa toka."

"Shemeji, nyumba ya ndugu yangu haiwezi kulala bila mtu."

"Haiko peke yake, iko na ziwa. Angalia lile tundu. Chini hakuna kitu."

Ngendakumana aliangalia tundu kutoka mbali, akatabasamu. "Umetoboa nyumba ili niogope."

"Minye?"

"Tunakujua, shemeji. Miaka yote uko unapigania hapa kama chui. Leo ghafla nyumba iko mbaya? Imekuwa mbaya siku nimekuja?"

Na hapo niliona uso wa Bernardine. Nadhani alikuwa anajisikia mwenyewe akimwita Thaddée mwizi, au labda nimeongeza mimi. Angeweza kuondoka. Niseme ukweli wa Mungu, niliomba aondoke. Nilifikiri: amwache alale, asubuhi tutajua. Hakuna ambaye angemlaumu. Ameonya, mashahidi tupo. Na wakati tunasimama pale, punje za mchanga zilianza kudondoka kutoka kwenye ufa, laini, kama mtu anachunga unga juu ya dirisha.

Bernardine alivua ndala zake, akaingia. Akakaa chini kwenye kona ya godoro, akanyoosha miguu.

"Unafanya nini?" Ngendakumana aliuliza.

"Ninalala. Ni nyumba yangu pia, sivyo? Weye lala kule, mimi hapa. Mama Louise, niletee shuka!" Halafu akapaza sauti, na sauti yake mnaijua: "Watu wa Kimanga! Njooni muone! Shemeji yangu amenirithi!"

Mtu aliyekuwa anapita alisimama. Wakawa watatu. Wakawa njia nzima.

Nieleze kwa wasiojua. Kwao mwanamume akilala chini ya bati moja na mjane wa ndugu yake, amemrithi, haihitaji kikao; na mjane anabaki kwenye kilio mpaka kaka wa marehemu amletee kitenge cha kumtoa, ndipo anakuwa huru. Na huyu alikuwa mkubwa wa shirika, na Luvungi ana mke, Élisabeth, ambaye hata Bernardine humsalimia kwa kupunguza sauti.

"Nyamaza, mwanamke!"

"Ninyamaze kwa nini, bwana wangu? Leo ni siku yetu!" Alilipigapiga godoro kando yake. "Hata kitenge cha kunitoa matanga hujaniletea mpaka leo. Kitenge kimoja! Nimekaa na kilio miaka yote, kwa sababu kaka wa marehemu anashindwa kukinunua. Lakini godoro umenunua. Nimeelewa, papa. Ulikuwa unapanga!"

Watu waliangua kicheko. Mmoja alipiga vigelegele. Mwingine alikuwa ameshatoa simu, anapiga picha, na nadhani ni simu iliyomaliza kazi, maana picha hufika kwa Élisabeth upesi kuliko moto. Ngendakumana alitoka nje na tai imegeuka mgongoni. Alisahau hata kuinama, akagonga paji la uso kwenye kizingiti.

"Na godoro lako!" Bernardine alimwita. Alikuwa ameshajificha kati ya watu njiani.

Kicheko kilipokwisha, niliona kwamba yeye bado amekaa ndani, na hakuwa anacheka. Alikuwa amebana godoro kwa mikono miwili.

"Mama Louise," alisema polepole, "iko inashuka."

"Toka!"

"Nikisimama itavunjika."

Watu waliacha njia wazi. Thaddée alipenya, akalala kifudifudi kizingitini, akanyoosha mikono mirefu ile, akashika kona ya godoro. "Usisimame, mama. Lala. Lala kama mzigo." Bernardine alilala. Thaddée alivuta, na nani alikuja kushika miguu ya Thaddée ili asiingie? Ngendakumana, na damu kwenye paji la uso. Walivuta pamoja, godoro likateleza, likatoka mlangoni naye juu yake kama bibi harusi.

Nyumba haikuanguka kwa kishindo. Sakafu ya katikati ilikaa chini kama mtu aliyechoka. Ukuta wa nyuma ukaifuata, mabati yakakunjika, na vumbi lilipotulia tuliona ziwa kupitia mlangoni, pale kilipokuwa chumba cha Amandine. Lilikuwa tulivu, linang'aa. Lilikuwa limefika hapo kabla yetu.

Tangu siku ile, njia yetu ina desturi mpya. Asubuhi, kabla ya kufagia, mtu anaweka sahani ya maji sakafuni na kuchuchumaa. Hakuna anayemwambia mwenzake ameona nini. Unajua tu ukiona nyumba fulani wameanza kufunga vitu. Mimi pia ninaweka. Mpaka leo asubuhi yalikuwa yamesimama sawa.

Bernardine anafulia uwanjani kwangu, na maji machafu tunayabeba kwa ndoo, mbali, yeye mbele. Thaddée akipita anapewa chakula, na anatukanwa kidogo tu, kwa afya. Kuhusu kiwanja, wazee wa Luvungi bado wanabishana ni cha nani, lakini ni kiwanja ambacho kila juma kinapungua.

Ngendakumana alirudi baada ya mvua kubwa. Hakuvaa tai. Alisimama uwanjani, mashini ikizunguka, akatoa mfuko wa plastiki chini ya kwapa na kumpa kwa mikono miwili. Ndani kulikuwa na kitenge, cha buluu, kimekunjwa bado na karatasi ya duka.

"Shemeji," alisema, "matanga ya ndugu yangu yametoka."

Bernardine alikikunjua, akakiangalia mbele na nyuma, akakivuta kuona kama ni imara. Nilingoja aseme ni cha bei ndogo, maana kilikuwa cha bei ndogo.

Alijifunga kiunoni juu ya nguo aliyokuwa nayo.

"Nimepokea," alisema.